Shajara ya faili la Babu: kutafuta medali ya Kagera bila karatasi hata moja

Jumamosi, 13 Januari 2024

Leo nimefungua faili. Ni jalada la kadibodi, rangi ya kijani, yale ninayouza dukani kwa shilingi mia tano. Nimeliandika kwa makapeni BABU – KAGERA. Ndani hamna kitu, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Nina steshenari Mabatini, hapa Mwanza: fotokopi, skani, kuchapa, kulamineti. Kutwa nawachapia watu barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja, wasifu wa marehemu. Juzi mteja mmoja kaleta wasifu wa baba yake aliyekuwa askari, unatakiwa kabla ya mazishi. Ukurasa wa pili ulikuwa na orodha ya medali, na mojawapo ni ya Vita vya Kagera. Nikachapa, nikatoa nakala mia mbili, nikabaki nawaza. Babu naye alikwenda vita hivyo hivyo. Siku yake ikifika tutaandika nini? Kisha nikaona aibu kuwaza msiba wa mtu mzima wa afya, anayemaliza sato mzima peke yake. Basi tuanze angali anakula.

Lengo: ombi la medali liwe limefika mezani kabla ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Nilichonacho: mzee wa miaka 69, kovu, na hadithi.

Jumapili, 14 Januari

Nimekwenda Buhongwa baada ya kanisa.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mke wangu. Leo umeniletea nini?"

Nimemletea nyanya chungu na maswali. Simu nimeiweka juu ya meza inarekodi, naye ameridhia, ila kila baada ya dakika tano anaiinamia na kuuliza kama bado inasikia.

Mwaka 1978 alikuwa kibarua kwenye kinu cha kuchambulia pamba upande wa Magu, na alikuwa ameshamaliza mafunzo ya mgambo. Majeshi ya nduli Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba na kushika nchi yote ya kaskazini ya Mto Kagera, watu wa kinuni walikusanyika kwa mwenye redio. Hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba, ile ya uwezo, sababu na nia, Babu anaikariri mpaka mahali Mwalimu alipovuta pumzi. Wiki mbili baadaye alikuwa juu ya lori.

Jeshi lilivimba ghafla mwaka ule. Mgambo, JKT, polisi, magereza, wote walichotwa. Askari waliokuwa hawafiki 50,000 wakavuka 100,000. Naliandika hili hapa kwa sababu linanieleza mimi kama mtu wa karatasi: ukipokea watu wengi namna ile kwa mpigo, majina yanaandikwa haraka, kwa biki, kwenye daftari lililo karibu.

Vita vilipokwisha alipewa cheti. Alikaa nacho miaka 17, muda mwingi akiwa Kemondo anabeba mizigo bandarini. Mei 1996 akaamua kurudi Mwanza. Yeye akatangulia kwa basi kutafuta chumba. Kaka yake angefuata na sanduku la bati, kwa meli.

Meli ilikuwa MV Bukoba.

Kwamba babu mkubwa alikufa ile meli ilipozama, tarehe 21 Mei, nilijua tangu mdogo. Mwanza hii ukigonga nyumba yoyote utakuta wana mtu wao pale, na kila tukipita Igoma, walikozikwa, Mama alikuwa ananyamaza. Habari ya sanduku sikuwahi kuisikia.

"Sasa Babu, kwa nini hukwenda kuomba cheti kingine?"

"Mtu kafa, mimi niende kuulizia karatasi?"

Nikazima simu.

Jumatatu, 22 Januari

Nimekwenda kwenye masjala ya ofisi moja. Siitaji, bado naihitaji. Nimepanga foleni toka saa mbili, nimeingia saa sita kasoro. Dada wa mapokezi alikuwa mwema. Alizunguka nyuma ya makabati akarudi na vumbi mikononi: daftari la mgambo waliotoka wilaya ile mwaka 1978 halionekani. Paa liliwahi kuvuja, yakahamishwa, yakahamishwa tena. Akaniuliza namba ya Babu ya utumishi. Babu anakumbuka tarakimu tatu za mwisho tu.

"Basi tafuta ushahidi mwingine, dada yangu. Halafu barua yako ipitie kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya."

Ushahidi mwingine upi, hakusema.

Jumamosi, 3 Februari

Umeme umekatika saa tatu usiku. Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Kumbe Wamarekani yamewakuta makubwa kuliko haya. Tarehe 12 Julai 1973 jengo lao la kumbukumbu za wanajeshi, nje kidogo ya St. Louis, lilishika moto. Yaliteketea mafaili kati ya milioni 16 na 18. Hapakuwa na nakala, hata orodha kamili ya yaliyokuwemo hapakuwa. Mafaili ya askari wa jeshi la nchi kavu waliotoka jeshini kati ya 1912 na 1960 yalipotea karibu asilimia 80. Na mpaka leo mzee wa huko akidai medali yake, hawamwambii tu kwamba faili liliungua. Wanatafuta alipopita: orodha za mishahara, taarifa za kila asubuhi za kombania kwamba fulani yupo, fulani mgonjwa, fulani kahamishwa, madaftari ya hospitali. Faili limekufa lakini nyayo zake zipo kwenye mafaili ya wengine.

Nimelala nikiwa na furaha ya kijinga. Tatizo langu lina wenzake, na wenzake wana mbinu.

Nyayo za Babu zinaweza kuwa: kinuni, kanisani, hospitali, na kwa watu aliokuwa nao.

Jumatano, 14 Februari

Kinuni hakuna kitu. Kinu kilifungwa zamani, na mlinzi kaniambia bila hata kuona haya kwamba madaftari ya mishahara waliuziwa akina mama wa karanga. Inawezekana nimewahi kula karanga zilizofungwa kwenye jina la Babu.

Kanisani nimepata. Baba mdogo alizaliwa Desemba 1978, na jina lake kwa Kisukuma maana yake ni vita. Daftari la ubatizo la Februari 1979 lina safu ya wazazi, na kwenye safu ya baba, baada ya jina la Babu, katekista kaongeza kwa mwandiko mdogo: "hayupo, yuko vitani". Maneno matatu. Paroko kanipa nakala yenye mhuri. Ni karatasi ya kwanza kuingia kwenye faili la kijani.

Jumapili, 18 Februari (naandika nikiwa Nansio, kisiwani Ukerewe)

Kuhusu watu: Babu alikumbuka kwamba mmoja wa wenzake alikuwa Mkerewe, mvuvi, na sikio moja halikusikia vizuri hata kabla ya mabomu. Basi. Nikaenda Mwaloni Kirumba, kwa akina mama wa dagaa. Kama unamtafuta mtu wa visiwani usihangaike na ofisi, nenda Mwaloni. Siku ya tatu nikapigiwa simu: yupo, anaishi, ana mashine ya kukoboa.

Jana tumepanda meli mimi na Babu. Hajapanda meli toka 1996. Hakusema neno njia nzima, alikaa karibu na mlango, maboya ya kujiokolea ameyahesabu kwa kidole. Mimi nikajifanya nasoma.

Yule mzee alikuwa amekaa kibarazani. Alimwangalia Babu akipanda ngazi, akamwangalia, akasema:

"Wewe si ulikufa?"

"Nilifia wapi?"

"Lukaya."

"Aliyekwambia nani?"

"Walikubeba, hukurudi. Mtu akibebwa asirudi tunasemaje?"

Wakacheka mpaka mke wa mwenye nyumba akatoka jikoni na mwiko mkononi. Miaka 45 yule mzee alikuwa anamwombea Babu kama marehemu.

Baada ya chakula nikawatenganisha. Nilijisikia kama mpelelezi, lakini ndivyo inavyotakiwa: mmoja chumbani na mmoja uwani, maswali yale yale. Walikuwa brigedi gani? Wote: 201, karibu wote mgambo. Barabara ya Lukaya ilikuwaje? Wote: lami nyembamba, mafunjo na maji huku na huku, huwezi kuchepuka. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 kulitokea nini?

Babu: "Walibya, wale waliokuja kumsaidia Amin, walitupiga maroketi. Yalipita juu, hayakumpata mtu, lakini mlio ule sisi hatukuwahi kuusikia. Tulikimbia."

Mzee wa Nansio, uwani: "Tulikimbia, mjukuu wangu. Andika. Usiku ule tulitawanyika kama furu wakiona sangara. Asubuhi tukajikusanya, na wenzetu wa brigedi ya 208 walikuwa wamezunguka wakawapiga kwa ubavuni, ndipo tukarudi mbele."

Babu anasema usiku ule mvua ilinyesha. Mzee wa Nansio anasema hapakuwa na tone. Nimeandika yote mawili, sirekebishi.

Kisha yule mzee akatuletea picha. Nyeusi na nyeupe, ndogo, pembe moja imeliwa na mende. Vijana wanne wamesimama mbele ya ukuta wenye matundu. Wa kwanza kushoto ameshika redio kama ameshika mtoto mchanga. Babu ni wa tatu. Shati lake limekosa vifungo viwili, na shingo ni nyembamba hivi kwamba kofia imekaa kama bakuli juu ya fimbo. Amekunja uso kwa jua, mkunjo ule ule wa Baba akisoma bili ya maji. Nyuma kwa biki ya bluu: *Masaka 2/3/79*.

Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari. Mbele ya Masaka kwa barabara ya Kampala ndiyo Lukaya. Tarehe inakaa mahali pake kabisa.

Nimeuliza habari za hao wawili wengine. Mwenye redio alifariki miaka ya tisini, kwa ugonjwa. Wa nne yuko Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Hapo wazee waliongea Kisukuma na Kikerewe chao na mimi nikaenda kusaidia vyombo.

Jumatano, 6 Machi

Eksirei ya mguu wa kulia. Elfu ishirini, kutoka kwenye hela ya wino wa printa. Fundi kaniita nione kwenye kioo: juu kidogo ya kifundo kuna vipande vitatu vyeupe, vyembamba, vimelala upande kama dagaa kwenye sinia. Babu kavitazama kwa muda mrefu. Hakuwahi kuviona.

Daktari kaandika ripoti safi, halafu akaniambia jambo la haki: "Mimi naweza kuandika kwamba kuna chuma. Nani alikitupa, picha haisemi."

Jumatatu, 18 Machi

Nimeanza kuandika kiapo. Nasikiliza rekodi na kuchapa. Kuna sehemu ambayo sikuitilia maanani mara ya kwanza, nayo ni tamu.

Babu alijeruhiwa asubuhi ya tarehe 11 Machi, wakati wa kurudi mbele. Akabebwa Masaka, akapelekwa Bukoba, akaishia Mwanza, hospitali ya kule kilimani. Siku moja, anasema, ndege ilipita na mshindo ukatoka upande wa ziwani, manesi wakaingia chini ya vitanda kabla ya wagonjwa. Kesho yake mji mzima ukajua: ndege ya Gaddafi ilikuja kupiga matangi ya mafuta, ikakosa, ikapiga Kisiwa cha Saanane. Waliokufa ni swala.

Hii ni kweli, ndege ya Libya ilipiga Saanane mwishoni mwa Machi 1979. Na ni nzuri kwangu, kwa sababu Babu hakusoma popote, hasomi magazeti. Swala wa Saanane ni mashahidi wake.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Nimefunga duka mapema, nikapanga tarehe zote kwenye karatasi moja ndefu ili kiapo kikae kwa mfululizo. Hapo ndipo nilipoona.

11 Machi, kajeruhiwa. Mwishoni mwa Machi yuko Mwanza kitandani, mguu umefungwa. Ametoka hospitali, kwa maneno yake mwenyewe, "mahindi yameshakauka", kwa hiyo Mei au Juni. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili.

Aya ya 7 ya kiapo nilichochapa inasema: "Tarehe 11 Aprili 1979 niliingia Kampala pamoja na kikosi changu."

Kwetu Babu aliyeingia Kampala ni kama jina la ukoo. Baba aliisema shuleni. Mimi niliisema shuleni. Shangazi aliisema kwenye harusi yangu, kwenye maikrofoni. Na mtu wa kiti hiki cha steshenari ndiye anataka kuipeleka mbele ya hakimu ikiwa na mhuri.

Nimerudia rekodi, dakika ya 41. Sauti ya Babu, polepole: "Halafu tukaingia Kampala."

*Tu*kaingia. Mimi nikachapa *ni*liingia. Nilifanya hivyo bila kufikiri, kwa sababu kiapo huanza na "Mimi" na hakina wingi.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Familia yote ilikuwepo, pilau, mvua nje. Nikasubiri wengine walale mchana. Nikamwekea karatasi mbele na kidole juu ya aya ya 7.

Akaomba nimsomee. Nikasoma. Akanyamaza.

"Mimi nilisema hivi?"

"Ulisema tukaingia, Babu."

"Enhe. Tuliingia. Huyu wa Nansio aliingia. Mwenye redio aliingia. Mimi nilikuwa kitandani nasikiliza kwa redio ya nesi. Sasa mke wangu, wangeingia bila mimi?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kama lilikuwa swali la kejeli.

Baba akatoka chumbani, kumbe alikuwa anasikia. Akaniambia nimekaa na makaratasi mpaka nimesahau adabu, kwamba namvua mzee Kampala yake kwa ajili ya kipande cha chuma cha kubandika kifuani. Akasema hakuna atakayekwenda kuhakiki. Hapo alisema kweli, hakuna.

Babu akamwambia akae.

"Hii karatasi ni ya serikali," akasema. "Andika sikufika. Na ile ya kwamba tulikimbia, ipo?"

"Ipo, aya ya 5."

"Usiitoe."

Baba hakula chakula cha jioni nasi.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua kubwa wiki nzima, ziwa limepanda mpaka kwenye vibanda. Tumeapa leo mahakamani, Babu chake na mzee wa Nansio chake. Kavuka ziwa na hali hii, kalala kwa Babu, wamebishana mvua ya Lukaya mpaka saa saba usiku. Kiapo cha Babu aya 9. Aya ya 7 sasa ina mstari mmoja: "Sikufika Kampala, kwa kuwa nilikuwa hospitali Mwanza kwa matibabu ya jeraha nililolitaja hapo juu."

Barua ya mwenyekiti wa mtaa na ya mtendaji wa kata zilichukua siku mbili, nauli na soda. Sina la kuandika kuhusu hizo.

Jumatatu, 6 Mei

Tumepeleka. Babu kavaa koti la harusi yangu. Ndani ya faili: viapo viwili, nakala ya ubatizo, nakala ya picha mbele na nyuma, eksirei na ripoti, barua mbili, na ukurasa mmoja wa tarehe.

Afande wa mezani alikuwa kijana, umri wangu. Alimwita Babu "mzee wangu" akampa kiti. Nilitarajia achukue, agonge mhuri, aseme mtapigiwa. Alisoma. Alisoma kiapo chote akifuata mistari kwa kalamu bila kuandika kitu. Kwenye aya ya 5 kalamu ilisimama, ikaendelea. Kwenye aya ya 7 ikasimama tena, na safari hii akainua macho.

"Mzee wangu, hukufika Kampala?"

"Sikufika."

"Wote wanaokuja hapa walifika."

"Watu walikuwa wengi," Babu akasema.

Kijana akagonga mhuri wa kupokelewa, nakala yetu na yake. Akasema faili linakwenda juu, hawezi kuahidi muda, nipige simu baada ya mwezi. Namba ya kumbukumbu ameiandika mwenyewe kwenye kona, tarakimu zote.

Tumerudi dukani. Babu kaomba nakala yenye mhuri nimlamineti. Nikamweleza kwamba nyaraka za serikali hazilaminetiwi, wanakataa. Akaniambia nitoe fotokopi, niilamineti hiyo, pande zote, nisiache hata tundu la kupitisha maji.